Mgonjwa Amwulize Daktari wa Mifupa



Mara nyingi wazazi wenye mtoto hospitalini huniuliza kama yafaa mtu asiyesoma sana amwulize daktari habari za ugonjwa. Wengine waona kwamba kuuliza ni kumkosea mtu mkubwa heshima. Baba mmoja wa Kabare aliniambia: «Mwalimu, mimi nani hata nimwulize daktari? Yeye ndiye ajuaye.»

Kwa magonjwa mengine pengine twaweza kuvumilia bila maneno mengi. Mgonjwa wa malaria ameza dawa yake siku tatu, homa yashuka, naye arudi shambani. Ugonjwa wa mfupa hauko hivyo. Daktari afanya kazi yake saa moja au mbili. Kazi iliyobaki, ambayo ni ya majuma na miezi, yafanywa na mgonjwa mwenyewe pamoja na watu wa nyumba yake, mbali na hospitali, bila daktari kuwaona. Nao watafanyaje kazi wasiyoelezwa? Ndiyo sababu juma hili nataka tuseme habari za madaktari wa mifupa, si habari za visu vyao, bali habari za maneno yao.

Kwanza tuujue mfupa wenyewe. Mfupa si kama ukuni mkavu. Ni kitu chenye uhai. Ukivunjika huvuja damu, na mahali pale pale mwili waanza kutengeneza kitu laini, kisha kigumu, hata mfupa mpya upatikane. Hakuna daktari awezaye kufanya kazi hiyo. Mwenyezi Mungu ameiweka ndani ya mwili. Daktari avinyosha vipande vikae sawa, akavizuia visicheze mpaka vimeshikamana. Mkono wa mtoto mdogo waweza kushikamana kwa majuma matatu mpaka sita. Muundi wa mtu mzima wataka miezi mitatu, minne, pengine na zaidi, na mwenye kuvuta tumbaku angojea kuliko mwenziwe. Mtu asiyeambiwa hesabu hiyo, likifika juma la tano aona kwamba dawa imeshindwa, au kwamba jirani amemroga. Avunja plasta kwa panga, akaanza kutembea. Nimewaona watu wa namna hiyo, na si wapumbavu.

Sikilizeni sasa habari ya mama mmoja. Mwaka juzi mtoto wa darasa langu, mwenye miaka kumi, alianguka kutoka juu ya mti wa avoka, akavunjika muundi. Watu wakambeba katika kipoyi hata barabara kuu, na gari la kupeleka bia likamfikisha hospitali moja ambayo sitaitaja jina. Daktari alimnyosha mguu, akamvika plasta ya jasi tangu paja mpaka vidole. Juu ya mikono ya daktari yule sina neno, alifanya vema. Kesho yake asubuhi alipita na wanafunzi wake wanne, akasimama mbele ya kitanda, akaona vidole vya mtoto vimevimba. Akawaambia wanafunzi wake kwa Kifaransa kwamba plasta ile yapasa kukatwa. Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama wa mtoto hajui Kifaransa. Lakini neno moja alilijua, kama tulijuavyo sote: «couper». Alisikia kwamba kutakuwa na kukata, tena aliona kidole cha daktari chaelekea mguu wa mwanawe. Hakumwuliza mtu. Angemwuliza nani? Usiku alimwita ndugu yake, wakamtoa mtoto kwa mlango wa nyuma, wakampeleka kwa mzee mmoja wa kijijini aliye fundi wa kuunga mifupa.

Na yule mzee alifanya nini? Alichukua kisu, akaikata plasta! Alifanya neno lile lile ambalo daktari alitaka kulifanya, na kwa sababu ile ile, kwa maana alivishika vidole akaona vimekuwa baridi. Maumivu yakapungua, mtoto akalala usingizi. Ndiyo maana mpaka leo watu wa kijiji wasema kwamba mzee aliuokoa mguu ambao hospitali ilitaka kuukata. Hawasemi uwongo mtupu. Lakini baada ya hapo mzee alifunga vibanzi vya mianzi bila kuweza kuona mfupa umekaaje ndani, maana hana mashine ya picha, na mfupa ukaungana umepinda. Leo mtoto yuko darasani. Kila siku atembea kilometa nne kuja shuleni, akichechemea, naye hufika wa mwisho.

Nilikwenda kumwamkia mama yule. Sikumkuta mjinga wala mkaidi. Aliniambia: «Mwalimu, kama angaliniambia kwamba ni plasta itakayokatwa, mimi mwenyewe ningalimshikia taa.»

Inafaa tujue kwa nini daktari aliogopa vidole vilivyovimba, kwa kuwa jambo hili laweza kumpata mtoto wa kila mmoja wetu. Mguu uliovunjika huvimba, hasa katika siku mbili za kwanza. Ukiwa umefungwa ndani ya kitu kigumu, uvimbe hauna mahali pa kwenda. Wakandamiza nyama na mishipa, na damu yashindwa kupita. Nyama iliyokosa damu muda wa saa sita hivi yaanza kufa, nayo haifufuki. Basi mwenye plasta alale, mguu wake ukiwa umeinuliwa juu ya mito au juu ya mablangeti yaliyokunjwa, kupita kimo cha moyo. Vidole vyake vitazamwe mara kwa mara. Vikiwa baridi, au vyeupe, au vya rangi ya bluu, vikifa ganzi, maumivu yakizidi badala ya kupungua, hasa mtu mwingine anapovinyosha vidole vile polepole, msingoje asubuhi. Rudini hospitali usiku huo huo. Na daktari akisema kwamba plasta itapasuliwa, mshukuruni.

Maneno hayo yote yasemwa kwa dakika tatu. Nimeyapima kwa saa yangu.

Madaktari wengine huwacheka wazee wetu wanaounga mifupa. Ni kweli wazee hao huleta hatari kubwa wakifunga vibanzi kwa nguvu mno. Huko Nigeria madaktari wameandika mara nyingi juu ya watu waliopotea mkono au mguu mzima kwa sababu hiyo, nyama ikioza chini ya vibanzi. Wala nisieleweke kwamba nawatuma watu kwao. Hata hivyo, tazameni mzee afanyavyo. Akaa chini karibu na mgonjwa. Auliza alianguka namna gani, na upande gani. Agusa polepole, akimtazama usoni aone ni wapi paumapo. Asema lugha ya mama yake mgonjwa. Jioni arudi tena, na malipo aweza kungojea mavuno. Watu hawaendi kwake kwa kupenda vibanzi vya mianzi tu.

Tena udaktari wa mifupa wenyewe una babu aliyetoka katika ukoo wa namna hiyo. Katika kisiwa cha Anglesey, nchi ya Wales, kulikuwa na ukoo wa waunga mifupa uitwao Thomas. Mmoja wao, Evan Thomas, alihamia mji wa Liverpool, na wagonjwa wakamjia wengi hata madaktari wa mji wakamshitaki mara kwa mara. Yeye aliona ni heri wanawe wapate vyeti. Akawasomesha udaktari wote watano. Mkubwa wao, Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834, aliunganisha ujuzi wa baba yake na elimu ya shule. Alitengeneza chuma cha kushikia mguu uliovunjika paja ambacho hata leo chaitwa kwa jina lake. Kila Dominika aliwatibu maskini wa Liverpool bila malipo, mpaka alipokufa mwaka 1891. Kijana aliyefunzwa naye, Robert Jones, mtoto wa ndugu wa mke wake, ndiye aliyekieneza chuma hicho kati ya askari katika vita vya 1914 mpaka 1918, na wengi wakaokoka ambao wangalikufa njiani. Basi daktari amchekaye muunga mifupa na akumbuke kwamba huenda atumia chombo cha mjukuu wa waunga mifupa.

Nasifu sasa mahali panapostahili sifa. Mwalimu mwenzangu aligongwa na pikipiki karibu na Nyawera, hapa Bukavu, akavunjika mfupa wa paja. Zamani mtu wa namna hiyo alilala majuma mengi chali, mguu ukivutwa na mzigo wa mawe au wa mchanga. Siku hizi madaktari wengi hupitisha chuma kirefu ndani ya mfupa. Kiko chuma kimoja kilichobuniwa kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya picha ndani ya chumba cha upasuaji. Daktari Lewis Zirkle, wa mji wa Richland huko Marekani, alianzisha shirika la kukisambaza mwaka 1999, na wagonjwa wa nchi nyingi maskini wamekipata.

Lakini mwenzangu hanisimulii chuma. Asimulia jinsi daktari alivyovuta kigoda, akakaa, akainua picha ya mifupa mbele ya dirisha, na kumwonyesha: hapa ni juu, hapa ni chini, hapa ndipo palipovunjika. Kwa Kiswahili, bila haraka. Alimchorea chuma kile nyuma ya karatasi. Alimwambia hatari zake pia, kwamba usaha waweza kuingia, kwamba watu wachache mfupa wao wachelewa kuungana. Alimwambia bei kabla ya kupasua, si baada yake. Neno hili la bei ni kubwa kuliko tunavyokiri, kwa maana sote twajua kwamba katika nchi yetu wako watu waliopona zamani, nao bado wamezuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Mwishowe daktari akamwambia: «Sasa wewe ndiwe daktari, mimi ni mgonjwa. Niambie nikifika nyumbani nifanye nini.» Mwenzangu ana diploma, tena ni mtu wa kujisifu kidogo, akakosea majibu mawili kati ya matano. Daktari akayaeleza tena. Mimi niliye mwalimu nilifurahi kusikia hayo, maana ndivyo tufanyavyo darasani: mtoto anayesema «ndiyo» bado hajaonyesha kwamba amefahamu.

Kuna ugonjwa mmoja ambao ndani yake maneno ya daktari yapita mikono yake kwa nguvu. Ni ule wa watoto wanaozaliwa na nyayo zimepinda kwenda ndani. Kati ya watoto elfu moja, mmoja hivi huzaliwa hivyo. Zamani wengi walipasuliwa sana, au waliachwa waende kwa magoti. Ignacio Ponseti, daktari aliyezaliwa katika kisiwa cha Minorca, Hispania, mwaka 1914, na aliyefanya kazi huko Iowa, Marekani, hata akafa mwaka 2009, alionyesha kwamba mguu wa mtoto mchanga waweza kunyoshwa polepole kwa mkono na kushikwa kwa plasta. Plasta yabadilishwa kila juma, kwa kawaida mara tano au sita, na mara nyingi kano ya kisigino yakatwa kidogo. Mguu wanyoka, mama apiga vigelegele.

Hapo ndipo kazi ya nyumbani yaanza. Mtoto avaa viatu viwili vilivyoungwa kwa ufito katikati: miezi mitatu, saa 23 kila siku, kisha usiku na wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka minne au mitano. Mtoto alia. Bibi yake asema mnamtesa. Majirani wauliza ni mtoto gani huyo anayelala na vyuma. Mguu wenyewe waonekana mzuri kabisa, basi mama avitupa viatu chini ya kitanda, na baada ya mwaka mguu warudi kupinda. Daktari aliyemwambia mama «avae viatu hivi» amesema nusu. Yapasa amwambie kwamba mguu utaonekana umepona nao bado haujapona. Tena amwite baba, na bibi pia, kwa maana bibi ndiye atakayevivua viatu wakati mama yuko shambani. Twakumbuka Padri Joseph Fraipont, Mbelgiji aliyejiita Ndagijimana, aliyeanzisha mwaka 1960 huko Gatagara, nchini Rwanda, nyumba ya watoto vilema, akaiweka chini ya ulinzi wa Bikira wa Maskini. Wakati ule wengi walidhani kilema ni wa kufichwa nyuma ya nyumba.

Mtasema: mwalimu, wewe hujaona foleni ya hospitali. Nimeiona. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea majeruhi kwa mamia, hata wakalazwa chini. Siku kama zile hakuna awezaye kudai kwamba mpasuaji akae juu ya kigoda na kuchora picha. Ila si kila siku ni siku ya vita, na si kila neno lazima litoke kinywani mwa mpasuaji. Muuguzi aweza kulisema. Mtu wa kufundisha mazoezi aweza. Kinachotakiwa ni kwamba daktari aulize, kabla hajaondoka kitandani: ni nani atakayemweleza mama huyu, na kwa lugha gani? Kumweka mtoto mgonjwa mwenyewe awe mkalimani wa wazazi wake, eti kwa sababu ajua Kifaransa cha shule, ni jambo lisilofaa kabisa. Nimeliona: mtoto akaficha neno la upasuaji, kwa kuwa aliogopa. Mtakatifu Luka, ambaye mapokeo yasema alikuwa daktari, aeleza katika Matendo ya Mitume jinsi Petro alivyomponya kiwete mlangoni pa hekalu. Wala hakuacha kuandika kwamba Petro alimtazama kwanza, akasema naye, ndipo akamshika mkono. Nadhani Luka aliliandika neno hilo kwa jicho la kazi yake.

Nanyi wazazi, msiende mikono mitupu. Chukueni daftari. Mwulizeni daktari ni mfupa gani uliovunjika, utakaa katika plasta majuma mangapi, lini mtoto aruhusiwe kuukanyagia, ni dalili gani ya kuwarudisha upesi, na fedha ni ngapi. Asiyejua kuandika amwombe muuguzi amwandikie. Daktari mwema hatakasirika. Akikasirika, ulizeni tena kwa upole. Mguu ni wa mtoto wenu.

Nimalize kwa neno gumu kuliko yote, lile la kukata kweli. Mama mmoja wa parokia yetu, mchuuzi wa samaki katika soko la Kadutu, alikanyagwa na lori, na mguu wake ukapondeka chini ya goti. Daktari alijaribu siku kadhaa kuuokoa, kisha akaona kwamba usaha utaleta kifo. Hakulisema neno lile mlangoni. Alimwita mume, na kaka mkubwa wa mama, na katekista, akawaketisha wote karibu na kitanda, mgonjwa naye akisikia. Alifungua kidonda mbele yao waone wenyewe. Aliwaambia nini kitatokea mguu ukikatwa, na nini kitatokea usipokatwa, wala hakupunguza. Aliwaambia kwamba hapa hapa Bukavu, katika kituo cha Heri Kwetu, watu hutengenezewa miguu ya bandia na kufundishwa kuitembelea. Kisha akafanya jambo ambalo sikupata kulisikia mahali pengine: alimwita mwanamume mmoja aliyekatwa mguu miaka mitatu mbele, fundi wa kushona nguo, akaja kwa miguu yake mwenyewe, akapandisha suruali, akamwonyesha mama yule mguu wa bandia, akamwacha aushike.

Kaka aliuliza kama dada yake ataweza kupanda mlima wa Kadutu na mzigo. Daktari akajibu kwamba ataupanda, ila mzigo utakuwa mdogo, na mvua ikinyesha asipande. Mume aliuliza habari za bei. Mama mwenyewe alinyamaza kitambo, ndipo akauliza kama ataweza kupiga magoti kanisani.

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba goti lake litabaki, kwa hiyo atapiga magoti. Lakini kusimama itampasa ashike benchi.